Nimefuta KVM na Xen kwenye usanidi wa keneli, VirtualBox bado inagoma. Nimekosea wapi?

MwalimuTegeta

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha mitandao kwenye kituo kidogo huku Tegeta, vijana 14 kwa kompyuta 10. Ni mashine za mtumba kutoka Kariakoo, Core i5 za kizazi cha nne, ramu GB 8 kila moja. Zilikuwa na Debian 12 (toleo la Linux) na VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta halisi, na mwaka mzima hazikunisumbua. Kijana anawasha mashine pepe mbili, moja ruta, nyingine seva, anaziunganisha, tunasonga mbele na somo.

Likizo hii nilizipandisha zote kwenda Debian 13. Jumatatu tumefungua, na kila anayewasha mashine pepe anapata hii:

`VT-x is being used by another hypervisor (VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE)`

Yaani kuna programu nyingine imeshaikalia VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe. Mimi sijawasha nyingine yoyote. Hakuna QEMU, hakuna virt-manager, nimekagua mashine zote kumi.

Nikaona basi mchawi ni keneli yenyewe, moyo wa Linux, imebeba KVM, Xen na Hyper-V, mifumo mitatu ya mashine pepe, kwa pamoja, na hivyo vitu vinagombana. Nikapakua chanzo cha 6.12 kwa bando langu, karibu MB 150, nikanakili usanidi kutoka /boot, nikaufungua kwa nano na kufuta mistari mitatu:

```
CONFIG_KVM_GUEST=y
CONFIG_PARAVIRT=y
CONFIG_XEN=y
```

Kisha `make olddefconfig` ya kukamilisha usanidi, kisha `make` ya kuijenga (kukompaili) keneli. Umeme ulikatika katikati, uliporudi ikaendelea pale ilipoachia, nikamaliza saa tano usiku. Nimewasha keneli mpya, ujumbe ni ule ule. Na kinachoniumiza kichwa zaidi: nikiangalia .config, faili la usanidi, XEN kweli imeondoka, lakini KVM_GUEST na PARAVIRT zimerudi zenyewe, zote `=y`. Mimi nilizifuta kwa mkono wangu!

Vijana wamelipa ada na wiki nzima wanasoma nadharia tupu. Naomba msaada wenu.

---

kobe_wa_temeke

Mwalimu, usikompaili chochote. Fanya hivi kwenye mashine moja sasa hivi:

`sudo modprobe -r kvm_intel`

Hiyo inaiondoa moduli ya KVM, yaani kipande chake kinachopakiwa kwenye keneli. Halafu washa VirtualBox. Ukiona imekubali, rudi hapa tukupe dawa ya kudumu.

---

Mzizima_root

Pole sana Mwalimu. Kobe amekupa kipimo sahihi, ila wewe umeuliza umekosea wapi, na nadhani unastahili kujibiwa hilo, maana kesho utawafundisha wengine.

Kosa la kwanza ni mwenyeji na mgeni. Chaguo za mashine pepe ndani ya keneli ziko za pande mbili. Kuna zinazoifanya keneli iwe mwenyeji, yaani iweze kuendesha mashine pepe ndani yake: CONFIG_KVM, CONFIG_KVM_INTEL, CONFIG_KVM_AMD. Na kuna zinazoifanya ijue kukaa ugenini, pale yenyewe inapokuwa ndani ya mashine pepe: CONFIG_KVM_GUEST, CONFIG_HYPERV, CONFIG_XEN kwa sehemu kubwa. Mgeni hagombanii VT-x na mtu. Wewe umewafukuza wageni na kumwacha mwenyeji pale pale. Ukiangalia .config yako naamini utakuta `CONFIG_KVM=m` na `CONFIG_KVM_INTEL=m` hazijaguswa.

Kwa nini Debian 12 haikusumbua? Ile ina keneli 6.1. KVM imo ndani ya Linux tangu 2.6.20 ya mwaka 2007, na kwa miaka mingi moduli ilikuwa ikipakiwa inakaa kimya. Iliishika VT-x pale tu mashine pepe ya kwanza ya KVM ilipoundwa, na ya mwisho ikizimwa inaiachia. VirtualBox ilikuwa inapita kwenye nafasi hiyo. Kwenye 6.12, iliyotoka Novemba 2024, utaratibu umegeuzwa: KVM inawasha VT-x mara tu moduli inapopakiwa, ili mashine pepe ya kwanza isisubiri. Na moduli inapakiwa yenyewe wakati kompyuta inawaka, kwa sababu udev, programu inayotambua vifaa, inaona prosesa ina `vmx`, alama ya VT-x. Hukuhitaji kuwa na QEMU wala nini. VirtualBox ikija inakuta viini vya prosesa vimeshaingizwa kwenye hali hiyo na mwingine, inakataa. Inafanya vizuri kukataa, kwa sababu wawili wakiishika kwa pamoja kompyuta nzima inaweza kuanguka.

Kosa la pili ni namna ya kufuta. Mstari `# CONFIG_KVM_GUEST is not set` unaonekana kama maelezo tu kwa sababu ya ile alama ya mwanzo, lakini Kconfig, mfumo wa usanidi wa keneli, inausoma na kuuheshimu. Huo ndio mstari wa "sitaki". Ukifuta mstari wote, hujasema hutaki, umenyamaza. Na `olddefconfig` ikikuta umenyamaza inachukua jibu la msingi. Jibu la msingi la KVM_GUEST ni `y` kama PARAVIRT ipo, ndiyo maana imerudi. XEN haina jibu la msingi la `y`, ndiyo maana imekwenda.

PARAVIRT, msingi wa chaguo hizi za ugenini, ni hadithi nyingine. Hiyo hata ungeiandikia "sitaki" ingerudi, kwa sababu HYPERV ikiwa imewashwa inaivuta kwa lazima. Chaguo moja ikiandikiwa `select` nyingine, jibu lako halisikilizwi mpaka umwondoe anayevuta. Fungua `make menuconfig`, bonyeza `/`, andika PARAVIRT, utaona chini kabisa orodha ya wanaoivuta. Mimi siku hizi sigusi chaguo yoyote kabla ya kuisoma orodha ile.

Acha nano kwa kazi hii. Kwenye folda ya chanzo kuna chombo chake:

```
./scripts/config -d KVM
make olddefconfig
./scripts/diffconfig .config.old .config
```

Ile ya tatu inakuonyesha kilichobadilishwa na `olddefconfig`. Ukizima KVM, KVM_INTEL na KVM_AMD zinaanguka zenyewe kwa kuwa zinaitegemea. Na ukishaamua kukompaili, weka pia `-d DEBUG_INFO -d DEBUG_INFO_DWARF_TOOLCHAIN_DEFAULT -d DEBUG_INFO_DWARF4 -d DEBUG_INFO_DWARF5 -e DEBUG_INFO_NONE` kuondoa vitambulisho vya kufuatilia hitilafu, utaokoa muda mwingi na GB nyingi za diski.

---

kobe_wa_temeke

Maelezo ya Mzizima ni sahihi yote. Ila bado nasema kwa mashine kumi za darasa usiende njia ya kukompaili. Keneli yako mwenyewe haipati marekebisho ya usalama kupitia apt, kisakinishi cha Debian. Kila likitoka tundu jipya ni wewe usiku na `make`. Watengenezaji wameacha swichi, itumie. Tengeneza faili /etc/modprobe.d/kvm.conf, ndani yake mstari mmoja:

`options kvm enable_virt_at_load=0`

Washa upya kompyuta. KVM inarudi kwenye tabia yake ya zamani, kukaa kimya mpaka iitwe. Hakiki kwa `cat /sys/module/kvm/parameters/enable_virt_at_load`, inatakiwa iseme N.

---

binti_wa_ubungo

Naongezea kwa uchungu niliopitia. Mwalimu, ukiamua kusafisha keneli, usiipeleke ile keneli iliyosafishwa ndani ya mashine pepe za wanafunzi. Mimi nilijenga moja nyepesi kwa laptopu yangu, nikazima HYPERVISOR_GUEST yote (chaguo za ugenini) na VIRTIO yote (viendeshi vya vifaa vya mashine pepe) kwa kuwa sikuona kazi yake. Nikaipenda, nikaiweka na kwenye seva ya kukodi niliyokuwa natunzia kazi ya mteja. Haikuwaka. `VFS: Unable to mount root fs`, basi. Seva ile ni mashine pepe, diski yake ilikuwa ya virtio, na keneli yangu haikuwa na macho ya kuiona. Nilikaa mpaka alfajiri kuirudisha ile ya zamani kupitia konsoli ya mbali.

Na kuna jambo wengi hawalijui: VirtualBox yenyewe, ukiiacha kwenye chaguo lake la kawaida na mgeni akiwa Linux, inajitambulisha kwa mgeni kama KVM. Kwa hiyo hiyo KVM_GUEST uliyokuwa unahangaika kuifuta ndiyo inayoisaidia mashine pepe ya kijana wako kwenda sawa na saa. Iache.

---

MwalimuTegeta

Nimerudi. Asanteni sana, kwa kweli mmenitoa mbali.

Kipimo cha kobe nilikifanya kwenye mashine namba 3 leo mchana. `modprobe -r kvm_intel`, VirtualBox ikawaka hapo hapo. Vijana wawili waliokuwa nyuma yangu walipiga makofi. Kisha nikaweka faili la kvm.conf kwenye mashine zote kumi, nikaziwasha upya, zote zinasema N, na zote zinaendesha mashine pepe mbili mbili kama zamani.

Ndugu Mzizima, nilifungua .config yangu ya jana. Ni kweli, KVM=m na KVM_INTEL=m zimekaa tu. Muda wote ule nilikuwa nimekazia macho neno GUEST bila kujiuliza mgeni ni nani. Kwa Kiswahili ningelielewa mara moja.

Lakini sikutaka chanzo nilichopakua kipotee bure. Mashine namba 10 ni ya kwangu ya kuandalia masomo, haifanyi kazi nyingine zaidi ya VirtualBox. Hiyo nimeijengea keneli isiyo na KVM kwa njia ya scripts/config, na mambo ya ugenini nimeyaacha yote kama dada wa Ubungo alivyoonya. Niliondoa vitambulisho vya kufuatilia hitilafu na kazi imeisha kwa muda mfupi kuliko ile ya kwanza. Swali moja limebaki: nimesakinisha pakiti ya keneli, kompyuta imewaka vizuri, ila VirtualBox inasema haioni moduli yake `vboxdrv`.

---

Mzizima_root

Hapo umesahau vichwa vya keneli. Moduli za VirtualBox zinajengwa upya kwa kila keneli, na haziwezi kujengwa bila pakiti ya linux-headers inayolingana nayo. Kama ulitumia `make bindeb-pkg`, imekutengenezea pakiti hiyo pia, iko folda moja juu ya chanzo. Isakinishe, kisha `sudo /sbin/vboxconfig` ya kuzijenga moduli hizo.

---

MwalimuTegeta

Ilikuwa pale pale folda ya juu. Nimesakinisha, vboxconfig imemaliza bila kosa, namba 10 imewaka. Kesho saa mbili asubuhi tunarudi kwenye somo la ruta tulilolikatiza, na nitaanza kwa kuwaonyesha vijana hii .config, mstari kwa mstari, ya jana na ya leo.