MREJESHO: Chati ya kuzaliwa, tatizo lilikuwa saa

Wakuu, mnakumbuka niliuliza mbona chati yangu ya unajimu (ramani ya anga la wakati nilipozaliwa) inaonyesha nyota inayochomoza, yaani ile iliyokuwa ikipanda upeo wa mashariki saa hiyo, ni Nge, na maelezo yake hayanifanani kabisa? Mmoja wenu akaniuliza saa ya kuzaliwa nimeitoa wapi. Kumbe niliweka saa 6 mchana kwa kubahatisha! Mama kanitolea kadi ya zamani, wino umefifia: saa 11:20 alfajiri. Nyota inayochomoza hubadilika kila baada ya saa 2 hivi, kwa hiyo Nge ikawa Kaa, na Jua langu la Simba likatoka nyumba ya 10 likaingia ya 1 (nyumba ni sehemu 12 za chati). Mwezi haukuhama nyota. Bado pembe kati ya sayari na sayari zinanichanganya, hasa mraba (nyuzi 90). Asanteni sana, mmenifungua macho.