Baba alilazwa na korona, karatasi inasema moyo uliumia. Arudi barabarani?

Bint Malaba
Hamjambo ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwa wenye uzoefu wa mambo ya moyo.

Baba yangu ana miaka 57, ni dereva wa trela, Malaba hadi Kampala na mara nyingine Juba. Ana presha ya siku nyingi, anameza losatani. Wimbi la pili, Juni 2021, wakati oksijeni inagombaniwa, alilazwa Kampala na korona. Aliwekewa oksijeni, Mungu akamtoa. Bahasha ya karatasi za hospitali alikaa nayo mwenyewe. Juzi nimeifungua nikakuta mstari mmoja: troponini iko juu, moyo umeumia, afanyiwe eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Kwa mdomo hatukuambiwa, na eko haikufanyika.

Sasa miezi imepita. Homa hana, kikohozi hana, anakula posho na maharage kama zamani. Lakini ngazi za kupandia kichwa cha trela ni tatu tu, na akifika juu anashika usukani, anatulia kwanza, ndipo atie ufunguo. Yeye anasema ni uzee. Mwenye gari anamtaka safari za Juba. Baba mdogo naye anamshauri aache losatani, eti dawa hizo zinaifungulia korona mlango.

Moyo ulioumizwa na korona hupona? Eko bado ina maana baada ya muda wote huu? Na kwa sasa, aendeshe au asiendeshe?

Mzee wa Busia
Pole mwanangu. Mimi pia ilinilaza. Pumzi ilichelewa sana kurudi, nikapimwa moyo ukakutwa mzima, shida ilikuwa mapafu. Kwa hiyo msikate tamaa kabla ya kipimo. Ila Juba hapana. Akizidiwa katikati ya Nimule na Juba, nani atamfikia? Mwenye gari atafute dereva mwingine.

Nesi wa Mbale
Dada, nimefanya kazi wodi ya korona, ngoja nikueleze taratibu. Troponini ni protini iliyomo ndani ya msuli wa moyo. Msuli ukiumia, inavujia kwenye damu. Kipimo hicho kinakwambia kuna jeraha, lakini hakisemi limeletwa na nini, wala kama moyo bado unasukuma damu sawasawa. Hilo la kusukuma ndiyo kazi ya eko, na hata leo ina maana kubwa.

Kwa waliolazwa na korona jambo hili si geni. Mwanzoni mwa 2020, hospitali moja ya Wuhan iliangalia wagonjwa wake 416, na 82 walikutwa na jeraha la moyo. Katika hao 82, nusu walifariki. Kwa wale wengine, vifo havikufika 5 katika kila 100. Baba yako alipita pabaya, mshukuruni Mungu.

Sababu ni nyingi na huja pamoja. Oksijeni ikishuka, moyo unakimbia huku wenyewe una njaa ya hewa. Damu inaganda ovyo kwenye mishipa. Uvimbe wa ugonjwa unaweza kufika hadi kwenye msuli wa moyo. Mapafu yakiharibika, upande wa kulia wa moyo, ule unaopeleka damu mapafuni, unalemewa. Na mwenye presha anaanza vita akiwa tayari amechoka.

Kuhusu kupona: London waliwapiga picha za MRI watu 148 waliokuwa na troponini ya juu, kama miezi miwili baada ya kutoka hospitali. Zaidi ya nusu walikuwa na kovu au kasoro ya mishipa, nyingine huenda ni za kabla ya korona. Lakini karibu 9 kati ya 10, upande wa kushoto unaolisha mwili ulikuwa unasukuma kawaida. Kwa hiyo tumaini lipo.

Sasa nijibu. Usiku analalia mito mingapi? Ukimbonyeza juu ya kifundo cha mguu, shimo linabaki? Anatumia amlodipini pia, ile dawa nyingine ya presha?

Kijana wa Kisenyi
Mkimbize asubuhi kidogo kidogo, moyo ni msuli, unataka mazoezi. Na tangawizi na kitunguu saumu.

Bint Malaba
Mto mmoja. Amlodipini hapana. Mguu nimembonyeza sasa hivi akiangalia taarifa ya habari. Shimo limebaki, miguu yote miwili, na soksi zimemwachia alama.

Nesi wa Mbale
Shimo hilo ni maji yaliyojaa miguuni, huenda moyo unalemewa. Basi usingoje mwisho wa mwezi, aonwe wiki hii. Niliuliza amlodipini kwa sababu hiyo yenyewe huvimbisha miguu. Ukiweza mpeleke Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, la sivyo hospitali yoyote kubwa yenye eko. Beba bahasha yote. Ajipime uzito kila asubuhi. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku chache, hayo ni maji. Akiumwa kifua, akizimia, au akishindwa kupumua akilala chali, mwende saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Usukani aache mpaka daktari aseme.

Kijana, kukimbia siyo sasa. Msuli wa moyo ukiwa na uvimbe, mazoezi mazito huweza kuvuruga mapigo ghafla. Hata wachezaji mpira huzuiwa miezi 3 hadi 6.

Mfamasia Arua
Losatani asiache. Mwambie baba mdogo kwa heshima kwamba hofu hiyo ilikuwepo kweli 2020, hata madaktari waliijadili. Brazil wakaijaribu kwa wagonjwa 659 waliolazwa na korona: wengine waliendelea na dawa za aina hiyo, wengine walisimamishwa siku 30. Waliosimamishwa hawakupata nafuu yoyote zaidi. Presha ikiachwa ipande juu ya moyo wenye jeraha, hapo ndipo mtalia.

Bint Malaba
Nimerudi. Eko imefanyika. Upande wa kushoto unasukuma nje 58 kwa mia ya damu yake kila pigo, daktari anasema ni kawaida. Upande wa kulia umetanuka kidogo, na anashuku kuna damu iliyoganda kwenye mapafu tangu wakati ule. Ameagiza picha ya CT ya kifua, iko Jumatatu. Losatani inaendelea, ameongezewa vidonge vya kutoa maji. Trela haruhusiwi. Mwenye gari nimempigia mimi mwenyewe, amekubali trela iendeshwe na tanboi (utingo) wa zamani wa baba, ambaye ana leseni. Majibu ya Jumatatu nitayaleta hapa.