Rolls-Royce Twenty ya 1924 inachemsha mlimani, na mwenyewe anataka breki za disiki

MwanaSpana: Wakuu, salaam. Kuna mteja hapa Nairobi kaniachia Rolls-Royce Twenty ya 1924, silinda sita, cc 3,127, breki za nyuma tu. Mjini haina neno. Balaa ni kupanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru: hata nusu ya mlima haifiki, mvuke unafuka kwenye kifuniko cha rejeta. Mkanda wa feni nimekaza, maji yamejaa, rejeta kwa nje ni safi. La pili, kushuka huko anaogopa, anataka nimfungie breki za disiki mbele. Pesa anasema ipo. Nianzie wapi?

BabuPlagi: Kijana, rejeta hiyo haina presha. Nairobi maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, Limuru 93. Usithubutu kuweka kifuniko cha presha, utaipasua. Tazama wenzo wa taiming (wa kuwahisha au kuchelewesha cheche) kwenye usukani. Moto ukichelewa, joto linaishia kwenye bloku na ekzosi badala ya kusukuma gari. Mlimani urudishwe kidogo tu injini ikianza kugonga, basi.

Halafu tope. Bloku ni ya chuma, kutu ya miaka yote hiyo huenda ikakaa kule nyuma, silinda ya sita. Rejeta yaweza kung'aa na huko maji hayapiti. Kusukuma maji kwa mpira wa bomba hakutoshi: fungua, kwangua kwa waya.

ShangaziGia: Na vile vibao vya mlalo mbele ya rejeta? Vinafunguliwa na dereva kwa wenzo wa mkono. Usiamini wenzo unavyoonyesha, simama mbele uangalie mwenyewe.

Kipisi: Weka feni ya umeme, maisha yaendelee 😂

FundiNgoma: Disiki mbele usiguse. Ekseli ile ilitengenezwa kubeba gari, si kuhimili breki inayoisokota. Rolls-Royce wenyewe walipoipa Twenty breki za magurudumu manne mwaka 1925, hawakubandika ngoma za breki tu. Waliweka na servo (kifaa cha kuongeza nguvu ya breki) inayozungushwa na gia boksi, kwa leseni ya kampuni ya magari ya Hispano-Suiza. Kazi nzima ilipangwa upya.

NjiaPanda: Mimi siafiki. Mwaka 1924 hakukuwa na matatu ya kukukata mbele kisha isimame ghafla. Uasilia haumwokoi mtu.

FundiNgoma: Mkuu NjiaPanda, sijasema abaki hivyo. Atafute ekseli kamili ya gari la breki nne pamoja na servo yake, si disiki za Toyota. Kwa sasa aingize gia ya pili akiwa bado juu, asingoje mwendo ukolee ndiyo atafute gia. Na wewe MwanaSpana, fungua ngoma za nyuma kabla hujatukana breki. Oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) ikivuja hadi kwenye shuu za breki, hata breki nzuri inateleza.

MwanaSpana: Shangazi, shikamoo! Wenzo unaonyesha wazi kabisa, kumbe vibao vinaishia nusu, kijiti chake kimepinda. BabuPlagi, taiming iko sawa. Ngoma ya kushoto nimefungua, shuu imelowa oili chapachapa. Bloku naifungua Jumatatu. Mzee disiki hajaziacha bado, ila leo kaniuliza bei ya hiyo ekseli. Mwenye kujua inakopatikana aje inbox.