MJADALA: Taa ya kuanzia mbio, anunue mkimbiaji kiziwi mwenyewe?

Mtoa hoja
Wakuu, kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, zinamruhusu mkimbiaji kiziwi kutumia taa wakati wa kuanza mbio, na zinasema wazi kwamba taa hiyo haihesabiwi kuwa msaada. Hapo sina ugomvi. Ninachokipinga ni kinachofuata: taa inunuliwe na mwanariadha au timu yake, na wao ndio wahakikishe inaoana na mitambo ya uwanja, isipokuwa pawe na mshirika wa kiufundi wa mashindano anayeweza kuitoa.

Kwa asiyewahi kuiona, taa hukaa chini mbele ya mkimbiaji. Rangi hubadilika kufuata amri za mwanzisha mbio, na ya mwisho huwaka bastola inapolia. Asipokuwa nayo, kiziwi humchungulia wa leni ya pembeni na kuondoka baada yake. Kwenye mita 100 hapo umeshaachwa.

Sasa tazameni wanaosikia wanavyotunzwa. Leni moja ina upana wa mita 1.22, kwa hiyo kutoka leni ya 1 hadi ya 8 ni kama mita 8.5. Mlio wa bastola iliyo upande wa leni ya 1 humfikia wa leni ya 8 ukiwa umechelewa kama sekunde 0.025. Kwa ajili ya hicho kipande, mashindano makubwa huweka spika nyuma ya kila mkimbiaji. Nani amewahi kumwambia wa leni ya 8 aje na spika yake?

Kocha wa Mkoani
Mkuu, hesabu yako nzuri, ila sisi huku hata vitalu vya kuanzia tunaazimana. Leo unidai taa? Halafu Deaflympics, michezo ya dunia ya viziwi, ipo, na taa ziko huko. Jingine: wa leni ya 5 akiiona taa ya wa leni ya 4 si anapata ishara mbili?

Mtoa hoja
Kocha, sikio huitikia upesi kuliko jicho, tofauti ni kama sehemu 3 au 4 za mia za sekunde. Anayesikia akingoja taa atakuwa anajichelewesha mwenyewe. Na anayeondoka chini ya sekunde 0.100 baada ya mlio amekosea kuanza, awe anasikia au hasikii. Kuhusu Deaflympics, Dean Barton-Smith wa Australia ni kiziwi na alishindana dekathloni (michezo kumi ya riadha) kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992. Terence Parkin wa Afrika Kusini, muogeleaji kiziwi, alipata medali ya fedha ya mita 200 Sydney 2000 akianzishwa kwa taa. Wangeambiwa wabaki kwao?

Dada wa Mita 400
Mimi ni kiziwi, na nyote wawili mna jambo mmeliruka. Ndugu mtoa hoja, Deaflympics si kibanda cha waliokosa nafasi kwingine. Ilianza Paris 1924, Paralimpiki ya kwanza ikaja Roma 1960, na mpaka leo Paralimpiki haina kundi la viziwi. Kwetu unaingia ukiwa umepoteza usikivu wa desibeli 55 au zaidi kwenye sikio lililo bora, mashine za kusikia zinavuliwa, na kambi nzima inaongea kwa alama. Kule sihitaji kumwomba mtu anieleze kinachoendelea.

La pili, taa ni ya sekunde moja. Niliwahi kukosa hiti yangu, yaani mbio za mchujo, kwenye mashindano fulani kwa sababu majina yaliitwa kwa kipaza sauti tu. Nilikuwa napasha misuli mita 50 kutoka hapo. Taa ingenisaidia nini? Nipeni mtu mmoja anayejua lugha ya alama pale wanapoitia wakimbiaji, taa tutaizungumza baadaye.

Mwalimu wa Michezo
Dada umenigusa. Shuleni kwetu tunaanzisha kwa vibao viwili vya mbao. Nikivigonganisha juu ya kichwa, nimesimama mbele kidogo ya mstari, watoto viziwi wanaiona mikono ikikutana. Haigharimu kitu. Tabu ni kwamba mtoto anainua shingo kunitazama wakati mwenzake ameinamisha kichwa tayari kuchomoka.

Kocha wa Mkoani
Basi nakubali nusu. Chama cha mkoa kiwe na seti moja ya taa na iazimwe kama vitalu. Ila mbio ndefu msiniwekee masharti. Mita 10,000 huamuliwa na miguu, si mlio.

Dada wa Mita 400
Na kengele ya mzunguko wa mwisho je, kocha? Na nyayo za anayekuja nyuma yako?

Mtoa hoja
Kuazimana kutasaidia mkoani, Kocha. Lakini kanuni ikibaki ilivyo, siku chama kikisema seti imeharibika, anayerudi nyumbani bila kukimbia ni yule yule. Hoja ya dada ya mkalimani naiongeza kwenye barua ninayotaka kukiandikia chama cha riadha. Nani hapa ameshawahi kuandikia chama cha riadha akajibiwa?