Mtoto wangu kanenepa kama mimi: ni damu au ni sahani?

mama_wawili:
Wapendwa, mimi nina kilo 94, baba yao 101. Binti yetu mkubwa ana miaka 8 na kilo 36. Mdogo wake ni mwembamba kama unyasi, na wanakula chungu kimoja! Juzi nilikuwa napambana na zipu ya gauni, yule mkubwa akaniuliza, "Mama, na mimi nitakuwa hivi?" Nilikosa jibu, nikamwambia akalale. Mama mkwe anasema mtoto wa nyoka ni nyoka, tumwache. Je, nimemrithisha, au nimemlisha hadi akafika hapa? Nataka ukweli, msinionee haya.

bibi_wa_wanne:
Pole mwanangu. Ni yote mawili, ila damu ina nguvu kuliko watu wanavyokubali. Mwaka 1986 Albert Stunkard na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima 540 wa Denmaki waliolelewa na wazazi wa kuasili. Unene wao ulifuata wa wazazi waliowazaa; na ule wa waliowalea haukuonekana kuhusiana nao. Kwa hiyo hilo la kujilaumu, litue. Na hao wawili wasikushangaze, kwani ndugu wa tumbo moja hawarithi jeni zilezile zote.

kaka_mtulivu:
Bibi, shikamoo. Nakubali, lakini dada asielewe kwamba imeshaandikwa. Kuna aina fulani ya jeni iitwayo FTO, iliyohusishwa na unene mwaka 2007: mtu mzima aliyeirithi aina hiyo kwa baba na kwa mama huwazidi wasio nayo kwa wastani wa kilo 3 hivi. Tatu tu! Na inagusa hamu ya kula: mwenye nayo huchelewa kujisikia ameshiba.

Hapo ndipo nyumba inapoingia. Wazazi wangu wote wanene, na kwetu hukuinuka mezani mpaka sahani iwe nyeupe. Nilijifunza kushiba kwa macho ya baba, tumbo langu sikuwahi kulisikiliza. Nikiwa na miaka 27 nilikuwa na kilo 118. Dada, unawalazimisha kumaliza?

mama_wawili:
Ndiyo. Kila siku. Nilidhani ni adabu.

bibi_wa_wanne:
Basi anzia hapo. Ila usimwekee chakula cha peke yake huku mdogo wake akimtazama; badilisheni nyumba nzima, ninyi wakubwa mtangulie. Umri huo anahitaji dakika 60 za kuchezesha mwili kila siku. Mpeleke kliniki wampime na urefu, maana kilo peke yake hazitoshi kumhukumu mtoto anayekua. Na swali lake mjibu. Hakuuliza akiwa na usingizi.

mama_wawili:
Nimemjibu, bibi. Nimemwambia tunafanana miili na tutaitunza pamoja. Akauliza kama kesho naweza kuruka naye kamba. Usiku akabakiza chakula, nikanyamaza. Mkono ulikuwa unaniwasha kumsogezea ile sahani.