Paka wangu kazaa mara ya tatu, nataka afungwe kizazi, naombeni ushauri

MamaSimsim:
Wakuu habari za jioni. Niko Mbagala, nyumba ya kupanga, nina paka jike anaitwa Simsim nilimuokota mtaroni akiwa kidogo kama panya buku. Hana hata miaka miwili ila keshazaa mara tatu, yani mzao wa pili walikuwa bado wananyonya nikashangaa tumbo hilo tena, sijui hata alitoka saa ngapi. Wa kwanza niliwagawa, wa pili niligawa kwa kubembeleza watu, hawa wa sasa hakuna anayewataka, mwenye nyumba kaniambia niwatie kwenye kiroba nikawatupe sokoni, moyo umekataa kabisa. Sasa nasikia paka anafungwa kizazi, ni kweli? Hatakuwa mvivu wa panya maana huku wamejaa? Na dhambi je? Alafu akishapasuliwa namuuguza vipi, chumba kimoja na watoto wawili

Chogo_wa_Kisauni:
Mbona unajisumbua mama, si umtafute yule jamaa anahasi mbuzi na ng'ombe na ile koleo yake, dakika mbili kazi imeisha

ExKliniki:
@Chogo jike utamminya nini na koleo? 😂 Na hata dume usithubutu, paka anatakiwa nusu kaputi. Mimi sio daktari ila nimefanya kazi ya usaidizi kwa daktari wa mifugo miaka sita, nimeshika paka hadi mikono ina makovu.

MamaSimsim, jike anapasuliwa tumboni wanatoa vifuko vya mayai na mara nyingi kizazi chote, basi habari ya joto la kutaka dume, kulialia usiku na kujigaragaza imeisha. Paka anabeba mimba siku kama 63 tu na anaweza kupata nyingine huku ananyonyesha, ndio hicho kilichokukuta. Kwa hiyo sasa hivi usimtoe nje kabisa, subiri watoto waache kunyonya, wakifika wiki nane hivi, maziwa yakauke ndio umpeleke. Na hao watoto ukimgawia mtu mwambie kabisa wakifika miezi minne wanaweza kushika mimba, watu wanadhani mpaka mwaka.

Faida sio kuzaa tu. Jike asiyefungwa akizeeka kizazi kinaweza kujaa usaha, nimeona wameletwa wamechelewa, na uvimbe wa matiti kwa paka mara nyingi ni saratani, ukimfunga mapema hatari inapungua sana. Panya atakamata kama kawaida, uwindaji haukai kwenye kizazi. Unene ni kweli upo, mwili unahitaji chakula kidogo kuliko zamani, punguza dagaa kidogo.

BintiBaraza:
Mimi niko Lamu, paka huku ndio wenye mji. Kuhusu dhambi, masheikh wametofautiana, wapo wanaokataza na wapo wanaoruhusu kukiwa na faida na mnyama hadhuriki, muulize unayemuamini. Mimi binafsi naona kumtia mtoto wa paka kirobani ndio swali kubwa zaidi. Ukikutana na paka wa mtaani sikio limekatwa ncha usimuonee huruma, huwa wanakatwa akiwa bado usingizini ili ajulikane keshafanyiwa.

KakaMweusi:
Niseme ukweli wangu japo unauma. Mwaka juzi paka wangu alifanyiwa vizuri tu, karudi nyumbani analia, mke wangu kwa huruma kamsagia nusu Panadol. Kesho yake hatukuwa na paka. Kumbe ile ni sumu kwao. Daktari alitupa dawa ya maumivu kwenye kikaratasi, tukaisahau kwenye mkoba

ExKliniki:
Pole sana kaka. Hapo ndipo wengi wanapopotea, upasuaji ni nusu saa ila siku kumi za nyumbani ndio kazi. Mama, uliza daktari mapema asile kuanzia saa ngapi. Akirudi atayumba kama mlevi, mlaze chini kwenye boksi, sio kitandani wala juu ya kabati ataanguka. Choo chake toa mchanga weka magazeti yaliyochanwa, mchanga unaingia kwenye kidonda. Asilambe mshono, kama huna ile koni ya shingoni kata mguu wa suruali ya mtoto utoboe matundu manne ya miguu umvalishe, inafanya kazi vizuri tu. Usimuogeshe, usipake spiriti wala majivu wala mafuta ya taa, bibi yeyote akikwambia mkatalie kwa adabu. Nyuzi zinatolewa siku ya kumi mpaka kumi na nne, nyingine zinayeyuka zenyewe, uliza. Ukiona fizi nyeupe, au kidonda kinatoa usaha, au siku nzima hajala, rudi siku hiyo hiyo usisubiri Jumatatu. Na chanjo ya kichaa cha mbwa ulizia hapo hapo, paka naye anaupata

MamaSimsim:
Asanteni nyote, nimesoma na watoto wamesoma. Watoto wa Simsim wana wiki tano, dirisha nimelifunga na waya. Suruali ya Juma imeshatobolewa matundu tayari, kalia kidogo. Ila dume linalokuja kumpanda ni la jirani, linakojolea mpaka mapazia yangu, na mwenyewe analisifia kwamba ni jogoo la mtaa

Chogo_wa_Kisauni:
Hilo ndio la kuhasiwa sasa, dume ni rahisi na bei iko chini, ila hata akihasiwa leo usimuamini kwa mwezi hivi, bado anaweza kuzalisha. Swali ni nani atamwambia huyo jirani

MamaSimsim:
Sio mimi