Naomba ushauri: mjomba anatajwa ubunge Mafia

Ndugu zangu, hapa Kilindoni kila baraza la kahawa lina orodha yake ya watakaowania ubunge wa Jimbo la Mafia, na jina la mjomba wangu limo karibu katika zote, ilhali mwenyewe hajatamka lolote wala hana kadi ya chama. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe nacho, lakini wavuvi wameshaanza kumletea malalamiko kuhusu Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, kana kwamba amekwisha kuapishwa. Je, akanushe hadharani mapema, jambo linaloweza kumfungia mlango baadaye, au anyamaze mpaka vyama vianze kutoa fomu? Nami mpwa wake niwajibu nini wanaonihoji sokoni?